Hivi Walatino wa Marekani wanakataa kuchangia viungo, au hawajaulizwa na mtu wao?

#1 MamaNeema
Wadau, za saa hizi. Mimi nipo Houston, ni mhudumu wa afya ya jamii upande wa Wakongo na Warundi wanaoongea Kiswahili. Wiki iliyopita tuliwekwa siku mbili kwenye ukumbi wa kanisa pamoja na akina mama wa Mexico, El Salvador na Honduras, wale wanaoitwa promotora. Ni kama WAJA wa kwetu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii: hana koti jeupe, anaishi mtaa uleule, anajua nani ana sukari na nani kaacha vidonge. Safari hii somo halikuwa sukari wala chanjo. Tulifundishwa namna ya kukaa na familia na kuongelea kuchangia viungo mtu akifariki.

Mwezeshaji ni mama wa miaka hamsini na kitu. Figo zake ziliuliwa na sukari, akasafishwa damu miaka sita, ndipo akapandikizwa. Hakuanza na takwimu. Alikunja mkono wa blauzi akatuonyesha mshipa uliovimba kama kamba ya katani, ule ambao madaktari waliuunganisha kwa ajili ya mashine. Akasema tuguse, mmoja mmoja. Jamani, unatetema! Kama paka anayekoroma chini ya ngozi. "Hapa nilichomwa sindano mbili kubwa, mara tatu kwa wiki." Ukumbi kimya, hata waliokuwa kwenye simu wakaziweka chini.

Halafu akatandaza kadi za lotería, ule mchezo wao unaofanana na bingo. Namba 14 ni Kifo, namba 27 ni Moyo. Akaziweka pamoja mezani, akatuuliza: nyumbani kwenu, nani huwa anaanza kuongea habari hizi mbili kwa pamoja? Hakuna aliyenyoosha mkono.

Swali langu. Orodha ya wanaosubiri viungo Marekani ina watu zaidi ya 100,000, na zaidi ya wanane katika kila kumi wanasubiri figo. Walatino wamejaa humo. Lakini hawa akina mama wanasema ukilitaja jambo hili mlangoni, kahawa inaisha ghafla. Kwa nini? Na je, kazi yetu ni kushawishi au kueleza tu?

#2 Kitasa
Nimeshusha mkeka. Mtanikuta hapahapa.

#3 MsomiWaMtaa
Rahisi hii. Ni dini. Hao ni Wakatoliki, wanaamini ufufuo wa mwili. Huwezi kwenda mbinguni umeacha ini lako Texas. Uzi ufungwe.

#4 BabuKidevu
Mama Neema, kabla hatujafika mbali: leseni yako wewe ya udereva ina ile alama ya aliyejiandikisha kuchangia viungo?

#5 FrateriMstaafu
Msomi #3, ungekaa seminari hata mwaka mmoja usingeandika hivyo. Papa Yohane Paulo II alihutubia kongamano la wapandikizaji viungo pale Roma, Agosti 2000, akasema wazi kwamba kutoa kiungo kwa nia njema ni tendo la upendo. Na mwaka 1995, kwenye waraka wake kuhusu uhai, alishalisifu jambo hilohilo. Katekisimu nayo haipingi. Kwa hiyo Kanisa usilisingizie.

Ila kuna dini ya kitabu na kuna dini ya msibani. Kwa Wamexico maiti inakeshewa, jeneza likiwa wazi mara nyingi, watu wanamwaga kahawa na machozi usiku kucha. Baada ya mazishi rozari siku tisa. Sasa mama anayejua kwamba majirani watamwangalia mwanawe usoni usiku mzima, hawazi ufufuo. Anawaza, mwanangu ataonekanaje?

#6 MsomiWaMtaa
Nimekubali yaishe, Frateri. Lakini hata hiyo ya jeneza ni dini kwa mlango wa nyuma.

#7 SistaWaDenver
Niingie hapo kwenye jeneza maana nipo wodi ya mahututi mwaka wa tisa. Mwili unashonwa kama baada ya upasuaji wowote. Ukivalishwa, anayekesha haoni kitu. Na familia hailipi hata senti kwa ajili ya utoaji wa viungo. Hayo mawili promotora akiyajua kwa moyo, ameshavuka nusu ya mto.

Maoni yangu lakini ni tofauti na yenu nyote. Tatizo ni ANAYEULIZA, NA LINI. Hospitali niliyowahi kufanya kazi (siitaji, na siyo ya sasa) tulikuwa na kijana wa miaka ishirini na mbili, ajali ya pikipiki. Wazazi Kihispania tupu. Mkalimani wa simu akakatika. Daktari akamgeukia mdogo wa marehemu, mtoto wa darasa la sita, amtafsirie mama yake kwamba ubongo wa kaka umekufa. Yule mtoto akasimama, akatazama mashine, akasema maneno mawili, "muerte cerebral", akanyamaza. Mama akauliza: ubongo umekufa, na yeye je? Kifua kinapanda, mkono wa moto, moyo unaonekana kwenye kioo. Dakika kumi baadaye akaja mtu mwingine kuulizia viungo. Mama akasema hapana, na mimi ningesema hapana.

Hakuna aliyemweleza tulichokuwa tumekifanya. Tumemulika tochi machoni, mboni hazikutikisika. Tumemwagia maji ya barafu sikioni, macho hayakusogea. Tumemtoa kwenye mashine ya kupumulia huku akipewa oksijeni, tukakikodolea macho kifua dakika baada ya dakika, hakikupanda hata mara moja. Ukimweleza mzazi hivyo, polepole, kwa lugha yake, anaelewa kwamba hiyo ni mashine inapumua. Ukimpa maneno mawili kupitia mtoto, umempa kitendawili.

#8 Kitasa
Sista #7 umeniliza kazini.

#9 MpitaNjia
Nyie mnazunguka. Wanaogopa kuchinjwa, basi. Wanadhani daktari akiona ile alama kwenye leseni anakuacha ufe ili auze maini yako. Sisi tuna mumiani, wao wana nini sijui, lakini ni mdudu yuleyule. Bibi yangu Pangani mpaka anaingia kaburini hakuwahi kupita karibu na gari la zimamoto, kwa sababu enzi zao wazimamoto ndio waliosemwa wananyonya damu za watu.

#10 Kasuku_Mweupe
Mpita Njia kapiga penyewe. Huko Amerika ya Kati uvumi wa watoto wanaoibwa wakatolewe viungo ulivuma sana miaka ya 80 na 90. Mwaka 1994, mji wa San Cristóbal Verapaz, Guatemala, mtalii wa kike wa Kimarekani alishambuliwa na umati akapigwa mpaka akapoteza fahamu, kwa uvumi tu kwamba ameiba mtoto. Sasa mtu aliyekulia kwenye hewa hiyo akahamia Houston, halafu unamgongea mlango na kipeperushi chenye picha ya moyo. Usishangae akikuchungulia dirishani.

#11 SistaWaDenver
Kwa faida ya #9: daktari anayekutibu na kutangaza kifo haruhusiwi kushiriki kutoa wala kupandikiza viungo vyako. Ni sheria. Na kwenye chumba cha dharura hakuna anayepekua pochi yako kutafuta leseni, tunatafuta mshipa.

#12 MpitaNjia
Sheria najua zipo, Sista. Hata mumiani walikuwa kinyume cha sheria.

#13 MwanaBukavu
Bandugu, jambo. Mie niko hapa Amerika, nafanya kazi na Wamexico kila siku kwenye ghala. Nyinyi muko munasema dini, uvumi, lugha. Mimi nasema ni karatasi, vile vibali vya kuishi Amerika. Rafiki yangu mmoja, baba ya watoto wane, figo zimekufa. Hana karatasi. Hana bima. Hapati ile ya kusafishwa damu mara tatu kwa juma kama watu wengine. Anangoja mpaka pumzi inamukosa, mwili umevimba, njo anakimbizwa kwa dharura. Wanamusafisha, wanamurudisha nyumbani, anangoja tena kukaribia kufa. Sasa promotora anakuja kumwambia bibi yake, muke wake: "Mutoe viungo." Bibi anauliza: tutoe kwa nani? Sisi tukihitaji tunapewa?

Hilo swali promotora atajibu nini?

#14 BabuKidevu
Hapo pamenyooka, Mwana Bukavu. Na Mama Neema bado hajajibu la leseni, naandika kumbukumbu.

#15 Mwanasheria_Uchwara
Marekebisho madogo kwa #13, siyo kupinga. Hakuna sheria inayomkataza asiye na karatasi kuwekwa kwenye orodha, na kwenye mgao wa figo hakuna kipengele cha uraia wala rangi. Wanaangalia kundi la damu, ulinganifu wa mwili, muda wa kusubiri na mengineyo ya kitabibu. Mtego uko mlangoni: hospitali haikuandikishi kama haioni nani atalipa upasuaji na dawa za maisha. Medicare, ile bima ya afya ya serikali kuu, inawalipia wagonjwa wa figo tangu sheria ya 1972 bila kujali umri, ila wasio na karatasi hawamo. Na hata waliomo kwa sababu ya figo tu walikuwa wakikatiwa malipo ya dawa miezi 36 baada ya kupandikizwa, mpaka marekebisho yaliyoanza Januari 2023.

Majimbo nayo yanatofautiana kama mbingu na nchi. Illinois ilipitisha sheria mwaka 2014 ya kulipia upandikizaji wa figo hata kwa wasio na karatasi. Colorado mwaka 2019 ikakubali wasafishwe damu kwa ratiba badala ya kungoja dharura. Texas… Mama Neema atatuambia.

#16 SistaWaDenver
Nathibitisha hiyo ya Colorado. Kabla ya 2019 nilikuwa nawapokea watu potasiamu iko juu mpaka moyo unaruka mapigo, tunawasafisha, tunawaaga, tunajua wiki ijayo ni walewale.

#17 Dada_Hesabu
Kuna jambo mmeliruka. Damu. Zaidi ya nusu ya Walatino Marekani ni kundi O. Mwenye O anaweza kumpa kila mtu, ila yeye anapokea kwa O tu. Kwa hiyo hata kila mtu akichangia sawasawa, foleni ya O ni ndefu. Halafu ndugu hawawezi kuwapa figo wakiwa hai kama nao wana sukari, na sukari haikai kwa mtu mmoja ndani ya ukoo. Kwa hiyo msiseme "hawataki". Wapo ambao wakipimwa kumi, tisa wanarudishwa.

#18 MsomiWaMtaa
Kwa hiyo dini, jeneza, mkalimani, mumiani, karatasi na sasa damu. Huu uzi au mboga ya matembele?

#19 Wanjiku_Kitengela
Hamjambo. Nauliza kama mtu wa Kenya: hawa mapromotora wanalipwa na nani? Kwetu serikali ilizindua community health promoters laki moja mwaka 2023, wakapewa vifaa na marupurupu kidogo, na bado wananchi wanauliza kila mara, "Umetumwa na nani?" Kama huyu mama analipwa na lile shirika linalokusanya viungo, basi yeye si jirani tena, ni wakala. Siku moja tu akishukiwa, atapoteza pia ile kazi yake ya sukari na presha. Mimi singekubali kuweka uaminifu wa miaka kumi rehani kwa somo la siku mbili.

#20 Kitasa
Wanjiku umeuliza kama mkaguzi wa mahesabu. Nimeipenda.

#21 MamaNeema
Nimerudi, zamu ilikuwa ndefu. Asanteni.

Wanjiku #19, swali lako liliulizwa ukumbini, tena kwa ukali. Mama mmoja wa Honduras alisimama: "Nikiwashawishi na wakajuta, nitaishi wapi? Naishi nao." Mwezeshaji akasema hatafuti idadi ya waliosaini. Anataka familia ziwe zimeongea kabla ya hospitali, hata kama jibu ni hapana. Baadhi tulipumua. Ila Wanjiku, fomu ya ripoti tuliyopewa mwishoni ina safu ya "waliojiandikisha". Hakuna safu ya "waliokataa baada ya kuelewa". Kwa hiyo maneno ni hayo, fomu ni hiyo.

Mwana Bukavu #13, hapa Texas inategemea kaunti. Na jibu tulilofundishwa kwa swali la yule bibi lilikuwa "mfumo hauangalii uraia". Nusu ya akina mama waliguna. Wamezika watu. Mmoja akasema yeye hatalitamka hilo sentensi mlangoni kwa mtu, kwa sababu ni kweli ya karatasini. Walikubaliana kusema yote mawili: orodha haiulizi pasipoti, ila bima inaulizwa kabla ya orodha. Niliona hilo ni la haki zaidi.

Jingine. Kumbe kwa Marekani, mtu mzima akishajiandikisha mwenyewe, kisheria familia haiwezi kutengua. Asipojiandikisha ndipo wanaulizwa ndugu. Akina mama walishtuka. Kwao uamuzi wa namna hiyo ni wa familia nzima, mama mkubwa na kaka wa kwanza wamo. Kijana anajiwekea alama pale kwenye ofisi ya leseni za udereva bila kuaga, siku ya msiba wazazi wanajua kwa mgeni. Wanasema hapo ndipo chuki inapozaliwa, siyo kwenye kutoa, ni kwenye kutoambiwa.

#22 Mwanasheria_Uchwara
Na kumbuka wengine hata hiyo ofisi hawafiki. California inawapa leseni wasio na karatasi tangu Januari 2015. Texas haiwapi. Kwa hiyo njia kuu ya kujiandikisha inawapita pembeni, inabaki ya mtandaoni.

#23 Chicago_Mtoto_wa_Tandale
Mnasema "Walatino" kana kwamba ni kabila. Mpuertoriko ni raia wa Marekani tangu 1917, habari ya karatasi haimhusu. Mkuba wa Miami mwingine kabisa. Jirani zangu ni Wamexico kizazi cha tatu, Kihispania wanaombea maji tu, na hawajachangia kwa sababu ileile ya mimi na wewe: uvivu wa kujaza fomu. Promotora mwenye hadithi moja kwa wote atapotea mtaa wa pili.

#24 FrateriMstaafu
Naongezea: kule kwao Mexico figo nyingi zinazopandikizwa hutoka kwa ndugu aliye hai. Kaka anampa dada, mama anampa mwana. Kwa hiyo kutoa siyo kigeni. Kigeni ni kumpa mtu usiyemjua kutoka kwa mtu asiyeweza tena kusema ndiyo. Sisi pia: Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, mtoaji ni ndugu yupo hai, amekaa pale anatabasamu kwa kamera.

#25 Kasuku_Mweupe
Spain wameongoza duniani miaka mingi na watu husema ni ile sheria yao ya 1979, kwamba kila mtu ni mchangiaji mpaka akatae. Lakini familia bado zinaulizwa. Walichofanya kuanzia 1989 ni kuweka waratibu waliofunzwa ndani ya hospitali, wengi ni madaktari wa wodi za mahututi, kazi yao ni kuongea na familia. Hiyo inampa pointi Sista #7.

#26 MwanaBukavu
Spain kila mtu anatibiwa. Inanipa pointi mimi.

#27 MpitaNjia
Swali la lugha. Mama Neema, wewe kwa Wakongo wako utasema nini? "Kuchangia viungo"? Mke wangu nimemsomea kichwa cha uzi akauliza, pilau ya nani?

#28 BabuKidevu
😂 Iliki, mdalasini, figo moja.

#29 MamaNeema
Mpita Njia umecheka lakini hilo lilinitoa jasho. Kiungo kwetu ni bega, ni goti, ni binzari. "Ogani" ni ya darasani, bibi hatanielewa. Nimeamua kutaja chenyewe: figo, ini, moyo, kioo cha jicho. Wenzetu nao wana mzigo wao. Mwezeshaji alitukataza neno la Kihispania la "kuvuna". Akasema mahindi yanavunwa, mtu havunwi. Akatufanya tuseme "kutoa zawadi". Mama wa El Salvador akakataa na hilo: zawadi haiombwi. Tukabishana mpaka chakula kikapoa. Hatukupata neno.

Jumamosi nilimsindikiza promotora mmoja kwenye pulga, soko lao la mitumba. Meza ndogo, mashine ya presha, kadi za lotería. Hakutaja viungo kabisa saa nzima. Alipima presha. Mzee mmoja mwenye kofia ya majani ndiye aliyeuliza ile kadi ya Moyo iko hapo kwa nini. Akaelezwa kidogo. Akasema mke wake alifia kwenye mashine ya kusafisha damu. Akavuta kiti. Waliongea kama nusu saa, mimi napima foleni. Alipoondoka nikamuuliza, amejiandikisha? Akanijibu: "Sijamuuliza. Amesema atawaleta binti zake Jumamosi ijayo."

#30 SistaWaDenver
Huyo mama aje afundishe hospitali kwetu.

#31 Wanjiku_Kitengela
Na kwenye fomu ya ripoti ameandika nini?

#32 MamaNeema
Sifuri.

#33 BabuKidevu
Mama Neema. Leseni. Tangu #4.

#34 MamaNeema
Babu wewe ni kupe. Haya: ina alama, tangu 2016. Nilijaza tu pale dirishani, foleni ilikuwa ndefu. Baba Neema hajui. Miaka yote hii anaendesha gari leseni yangu ikiwa kwenye pochi hapo katikati.

#35 Kitasa
Aisee.

#36 MpitaNjia
Mwambie Jumapili, ukiwa umepika. Ila usianze na neno viungo, atadhani umezidisha chumvi.